Msaada Uchelewao

Kila mara Mto Rufiji ufurikapo, husikika maneno mawili. La kwanza lasema, "Watu wale ni wakaidi, mbona hawahami bondeni?" La pili lasema, "Wapelekewe unga na mablanketi, yatosha." Sisi twayakataa yote mawili, na sababu zetu ni hizi.

Neno la kwanza ni la watu wasioujua mto. Maji yale yale yaletayo msiba ndiyo yaletayo rutuba. Mrufiji hupanda mpunga kabla ya maji kujaa, na yakiisha kupwa hupanda mahindi, kunde na maboga katika udongo uliobaki na unyevu. Kilimo hicho chaitwa mlau. Kumwambia aliache bonde ni kumwambia aliache ghala lake. Tena jambo hili lilikwisha kujaribiwa. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu mwaka 1969 hata vijiji vya mahali pa juu. Nyumba zilihama, walakini mashamba hayakuweza kuhama. Watu wakarudi bondeni kulima, wakalala katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili wayalinde mazao yao. Je, hao ni wakaidi, au ni sisi tusiouliza?

Ama neno la pili, hatuudharau unga. Mwenye njaa halishwi hotuba. Mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge ya kwamba mvua na mafuriko katika Tanzania yamewaua watu 155, na watu zaidi ya 200,000 wamepatwa na hasara; na wilaya za Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Watu wa namna hiyo hawana budi kulishwa. Lakini unga huliwa ukaisha, na mlau hauna subira. Mbegu ikifika wakati maji yanapopwa, mkulima atajilisha mwenyewe. Ikifika udongo umekwisha kukauka, ni chakula cha panya, na mkulima atangoja unga tena. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni ajaye baada ya matanga humponya nani?

Basi msaada wa kweli hutayarishwa wakati wa kiangazi. Yapasa kila kijiji kiweke mbegu mahali pa juu pasipofikwa na maji. Mitumbwi na ihesabiwe, na wenyewe wajulikane. Wazee, wagonjwa na wanawake wenye mimba waandikwe majina, na watakaowachukua wachaguliwe mapema. Tena alama za mto walizozijua wazee hazitoshi siku hizi, kwa kuwa mto umezuiwa na bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Wafunguao malango ya bwawa wana deni la kupeleka habari hata kitongoji cha mwisho, mbele ya maji, kwa maneno ayafahamuyo mkulima.

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya nchi tajiri." Twawajibu kwa habari za Bangladesh. Mwaka 1970 tufani iliiinua bahari ikafunika vijiji vya pwani ya nchi ile, na yakadiriwa ya kwamba watu wasiopungua 300,000 walikufa. Baadaye, ingawa nchi ilikuwa maskini, walifundishwa watu wa kujitolea katika vijiji, wenye bendera na vipaza sauti, wawaonye jirani zao; yakajengwa na majengo imara ya kukimbilia. Mwaka 2007 ilipokuja tufani nyingine kali, iitwayo Sidr, waliokufa walikuwa maelfu machache. Nao ni wengi, lakini si laki tatu. Bahari haikupungua nguvu. Watu ndio waliojiweka tayari.

Kwa hiyo twasema wazi: mwenye kutoa na aulize kwanza, "Mwahitaji nini, na katika mwezi gani?" Na sisi wa vijijini tuwe na jibu lililoandikwa, si mikono iliyonyoshwa tu. Ukarimu usiojua majira ya kupanda huwaacha watu mahali pale pale ulipowakuta.