Kabla ya Mke Kurudishwa Kwao, Mume Apimwe

Katika nyumba nyingi za Usukumani, ndoa ikifikisha mwaka bila mimba, anayeanza kutafutiwa ugonjwa ni mke. Shangazi humuuliza kama siku zake zinakwenda sawa. Mama mkwe anamjua mganga wa Kishapu. Jirani ana mzizi wa kusafisha kizazi, muuza dawa wa stendi ana unga wa kutoa chango, na kwenye maombi ya Jumapili anaitwa mbele ili tumbo lifunguliwe. Mwaka wa pili lugha inabadilika: huyu anatujazia choo tu. Ukiingia wa tatu, ng'ombe wa mahari wanaanza kutajwa tena na mume anaoa mwingine. Muda wote huo hakuna aliyemwambia mume akapime mbegu zake.

Kinachomlinda mume ni imani moja ambayo karibu kila mtu anaishika, msomi na asiye msomi: mwanamume anayeweza tendo la ndoa ni mzima, kwa hiyo akikosa mtoto tatizo liko kwa mke. Imani hii ni ya uongo, na imekwisha kuvunja ndoa za kutosha.

Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jambo lingine. Sehemu kubwa ya majimaji anayotoa mwanamume hutengenezwa na tezi zilizo karibu na kibofu. Mbegu zenyewe, zinazotoka kwenye korodani, ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo na hazionekani kwa macho. Mtu anaweza kuwa na afya ya kubeba magunia na hamu ya tendo kila siku, na bado majimaji yake yasiwe na mbegu hata moja. Kati ya wanaume 100 wa kawaida, mmoja hivi yuko katika hali hiyo. Kati ya wanaume 100 ambao ndoa zao hazipati mtoto, wako 10 hadi 15. Ukiongeza wenye mbegu chache na wenye mbegu zisizoogelea vizuri, upande wa mume unachangia katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika. Na wanaohangaika ni wengi: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya sita hukumbana na tatizo la kukosa mtoto wakati fulani maishani.

Hapo hujitokeza mwenye kusema: lakini yeye ana mtoto nje. Mtoto wa miaka minane iliyopita anathibitisha kwamba mbegu zilikuwepo miaka minane iliyopita, basi. Kisonono kisichotibiwa kinaweza kuziba mirija ya mbegu baadaye, mishipa ya korodani inaweza kuvimba, na homa ya matubwitubwi ikimpata mtu mzima inaweza kuharibu korodani zenyewe. Wengine hujiharibu wenyewe kwa sindano za homoni ya kiume za kujenga mwili, bila kujua kwamba homoni hizo za nje huzima kiwanda cha mbegu. Vidonge vya kuongeza nguvu navyo husaidia kusimamisha, lakini haviongezi mbegu.

Wala kuoa mke wa pili si kipimo. Mwenye mbegu chache anaweza kubahatika kwa mwanamke mwenye rutuba kubwa, jambo ambalo halimfanyi mke wa kwanza kuwa mgonjwa. Si ajabu kumwona mwanamke aliyerudishwa kwao kwa fedheha akiolewa kijiji cha pili na kuzaa watoto wake huko, huku yule mume akihesabu wake na si watoto.

Yote haya yangeweza kusemwa mahali popote Tanzania. Lakini Shinyanga na Geita zina sababu ya ziada ya kumtazama mume, nayo ni kazi yake.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000 na wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001, lakini riziki ya watu wengi zaidi iko kwa wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Mwakitolyo na kwingineko. Jiwe likitoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, hupelekwa kwenye karasha likasagwa, kisha huoshwa mwaloni. Mchanga mzito unaobaki hutiwa kwenye beseni, humiminiwa zebaki ili ikamate dhahabu, na mtu huukanda kwa mikono mitupu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, hupaa na kubakiza dhahabu. Kwa mvuke unaopaa, mapafu ya aliyeinamia moto huchukua hadi asilimia 80 ya kile anachovuta na kukiingiza kwenye damu. Wengine huchomea nyumbani, jikoni, mahali palepale panapopikiwa ugali.

Hii si hofu ya kutunga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, ulipima watu wa Rwamagasa na kukuta dalili za sumu ya zebaki kwa waliokuwa wakichoma dhahabu. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilichapisha ripoti juu ya watoto waliokuwa wakishika zebaki katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Baadaye watafiti wa chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa Canada, waliwafuatilia wajawazito wa kanda hii na kuona kwamba wanaoishi kwenye machimbo wana zebaki na aseniki nyingi mwilini kuliko wenzao wa nje ya machimbo, na kwamba sumu hizo zinahusiana na madhara kwenye ujauzito.

Angalia, hata hivyo, nani amepimwa kwa upande wa uzazi. Ni wajawazito. Baba, ambaye mara nyingi ndiye anayeinamia ule moto, habari zake katika uzazi hazitafutwi. Kwa wanyama wa maabara inajulikana kwamba zebaki hudhuru korodani na mbegu. Kwa binadamu, baadhi ya tafiti zimeihusisha zebaki nyingi mwilini na mbegu dhaifu. Ongeza joto: korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zinahitaji kuwa baridi kuliko mwili kwa nyuzi mbili hivi au zaidi, na mtu anayekesha chini ya duara lenye joto na hewa nzito hawezi kuzipa ubaridi huo. Ongeza sigara, ongeza pombe kali. Halafu aulizwe mke kama amesafisha kizazi.

Kwamba kazi inaweza kumnyima mwanamume uzazi bila kumnyima nguvu, dunia imeshaliona. Mwaka 1977, katika mji wa Lathrop, California, wanaume wa kiwanda kimoja cha viuatilifu walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe kwa nini katika idara yao watoto hawazaliwi tena. Walikuwa wazima, wenye nguvu, wengine tayari wakiwa baba. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache au hawana kabisa. Chanzo kilikuwa dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP, ambayo pia iliwaharibia uzazi vibarua wengi wa mashamba ya migomba huko Costa Rica. Marekani iliizuia kwa matumizi karibu yote mwaka 1979. Kilichoifichua ni wanaume waliokubali kuzungumza na kupimwa. Lau kila mmoja wao angerudi nyumbani kumlaumu mkewe, kiwanda kingeendelea kutengeneza sumu ile. Mkoa unaochimba dhahabu kwa zebaki na kupulizia pamba dawa kwa bomba la mgongoni una kila sababu ya kuwa na mazungumzo kama yale.

Liko na jambo jepesi zaidi, ambalo halihitaji hata maabara. Mimba hutunga katika siku chache tu za mwezi. Yai likitoka huishi chini ya saa 24, mbegu huweza kungoja tumboni hadi siku tano, kwa hiyo dirisha zima ni siku sita hivi, zinazoishia siku yai linapotoka. Mwanamume aliyekwenda kwenye rashi ya dhahabu Mbogwe, anayerudi nyumbani Shinyanga mara moja kwa mwezi na kulala siku mbili, anaweza kupishana na dirisha hilo mwaka mzima. Tafsiri ya kitaalamu ya ugumba ni miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita kama mke amevuka miaka 35. Mwaka wa ndoa ya simu si miezi 12. Mke wa mtu huyo hana ugonjwa wowote uliothibitishwa, hana hata sababu ya kushukiwa. Anachohitaji ni mume kukaa nyumbani wiki moja iliyopangwa.

Magonjwa ya zinaa nayo hayana jinsia. Miji ya machimbo ina pesa za ghafla na watu walio mbali na familia zao, na klamidia na kisonono hufuata njia hiyo. Kwa mwanamke huziba mirija ya uzazi, mara nyingi bila maumivu ya kumwonya. Kwa hiyo hata pale mke anapokutwa mirija imeziba, na watu wakapumua kwamba mkosaji amepatikana, bado swali la haki ni nani aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Mke akitibiwa peke yake na mume akajinunulia vidonge viwili duka la dawa, wanaambukizana upya. Kanda hii ina heshima yake katika jambo hili: katika utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1995, uliofanyika vijijini Mwanza, matibabu mazuri ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida yalipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Yaliyowezekana zahanati wakati ule yanawezekana leo, mradi wanandoa waingie wote wawili. Na kichocho, kilichoenea kwenye majaruba na malambo ya Shinyanga, hudhuru via vya uzazi vya mwanamke na hupatikana kwa wanaume pia, ilhali dawa yake ipo.

Uongo huu una gharama nyingine, nzito kuliko talaka. Familia isiyotaka kumpima mume hutafuta jibu kwa mpiga ramli, na mpiga ramli hawezi kujibu kwamba mbegu ni chache. Lazima ataje mtu: bibi mwenye macho mekundu, mke mwenza, jirani. Shinyanga inajua vizuri mwisho wa majibu hayo, kwa idadi ya vikongwe waliokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku hayo hayatoshi wakati swali lililompeleka mteja kwa mganga bado halijapewa mahali pengine pa kujibiwa.

Wanandoa wanaotaka mtoto wa kwanza wanaweza kuanza na hesabu hii: mbegu moja huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu kutengenezwa na kukomaa. Mwanamume anayeacha kuchoma zebaki, sigara na pombe leo anaandaa mimba ya robo mwaka ijayo. Katika miezi hiyohiyo mke naye asikae karibu na moto wa dhahabu, maana zebaki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na haitoki mwilini kwa siku moja. Aanze vidonge vya foliki asidi kabla ya mimba, kwa kuwa sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge. Wengi wakati huo hawajui hata kama wamechukua mimba, na kusubiri kliniki ya mwezi wa nne ni kuchelewa kwa watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Wote wawili wapime sikoseli, ambayo vinasaba vyake viko vingi Kanda ya Ziwa: wakiwa wabebaji wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Serikali tayari inajua kumwita mwanamume. Mjamzito akienda kliniki mara ya kwanza hutakiwa kwenda na mwenzake kwa ajili ya kipimo cha VVU, na zipo zahanati ambazo mwanamke aliyekuja peke yake huambiwa akalete barua ya mtendaji wa kijiji. Kama mume anaweza kudaiwa hivyo mimba ikishaingia, anaweza kuitwa mimba inapotafutwa. Maabara nyingi zina hadubini inayotafuta vijidudu vya malaria kila siku, na wataalamu wake wanaweza kufundishwa kutazama mbegu. Vyama vya wachimbaji, GEREMA kwa Geita na vingine, vinavyosimama kudai leseni na masoko, vinaweza kulisema hili kwenye mikutano yao bila kuona haya.

Kipimo chenyewe hakina kisu wala sindano. Mke akichunguzwa mirija huingizwa dawa kwenye kizazi huku akipigwa picha, na maumivu yake wanaoyajua ni wao. Mume hukaa siku mbili hadi saba bila kutoa mbegu, kisha hutoa kwenye kikopo safi, na mtaalamu huhesabu. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani limekichapisha mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Majibu yakiwa mabaya hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya kuamua lolote, na sababu nyingine, kama maambukizi au mishipa iliyovimba, zinatibika. Ila sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa bado na joto la mwili, jambo gumu kwa barabara ya kutoka Nyarugusu hadi Geita mjini. Kwa hiyo mume itabidi aende mwenyewe hospitalini. Mke ametumwa kwa mganga, kwa mchungaji na kwenye duka la dawa, lakini safari hii hawezi kutumwa.