Mwenye usonji akipata kibarua, msaada wa serikali humponyoka

KILA ifikapo Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka wa 2007 ili kuuzindua ulimwengu kuhusu usonji, hotuba zinazotolewa nchini huwahusu watoto: shule zao, walimu wao na mahangaiko ya mama zao. Ni nadra kusikia lolote kuhusu mtu wa miaka 30 aliye na hali iyo hiyo. Ilhali watoto hao hukua, usonji hauwatoki, na mzazi aliyekuwa akigharamia kila kitu huzeeka.

Swali linalomkabili mtu mzima huyo ni la shilingi na senti. Akibaki nyumbani, atalishwa na nani? Akipata kazi, ataweza kuidumisha? Na ikimshinda, atarudi wapi? Serikali ya Kenya ina majibu mawili, na yote mawili yanaelekea kumpita kando.

Jibu la kwanza ni ruzuku ya pesa kwa watu wenye ulemavu uliokithiri, mojawapo ya mipango iliyo chini ya Inua Jamii. Kiwango chake ni Sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi pesa hizo zimekuwa zikikawia kwa miezi kadhaa kisha kulipwa kwa mkupuo. Zimekusudiwa familia maskini zinazomtunza mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana. Hupitia kwa mlezi, wala si kwa mlemavu mwenyewe.

Jibu la pili liko upande wa juu wa ngazi. Tangu mwaka wa 2010, mwajiriwa mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba cheti kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kinachomwondolea ushuru wa mapato katika Sh150,000 za kwanza za mshahara wake wa kila mwezi.

Iweke mipango hii miwili sako kwa bako na utaona hesabu ya ajabu. Chini ya viwango vya ushuru vilivyoanza kutumika Januari 2021, anayepata chini ya Sh24,000 kwa mwezi hatozwi ushuru huo, awe mlemavu au asiwe. Kwa hivyo mpanga bidhaa dukani mwenye usonji anayelipwa Sh18,000 haongezewi hata senti moja na cheti hicho. Meneja mwenye ulemavu anayelipwa Sh150,000 huokoa zaidi ya Sh30,000 kila mwezi. Asiyeweza kazi yoyote naye, familia yake ikibahatika kuingia katika orodha, hutengewa Sh2,000.

Huenda hakuna aliyeketi ofisini akapanga mambo yawe hivyo. Mipango yenyewe ilibuniwa na idara tofauti kwa nia njema. Lakini matokeo yake ni kuwa nafuu inakuwa kubwa kadiri mtu anavyokaribia kutoihitaji, na katikati pana shimo lisilo na daraja.

Usonji humtupa mtu katika shimo hilo hilo. Wapo walio na usonji ambao hawasemi na hawawezi kujilisha, na hao mpango wa ruzuku huenda ukawafikia. Wapo pia walio na shahada za vyuo vikuu na vyeo vya haja. Baina yao kuna wengi ambao uwezo wao haulingani: mtu anakumbuka bei na mahali pa kila bidhaa katika ghala zima, lakini zamu ikibadilishwa bila taarifa anavurugika siku nzima. Anafanya kazi saa nne bila kosa, na saa ya tano hawezi hata kuzungumza. Katika mahojiano ya kazi hamtazami usoni anayemhoji, na papo hapo anadhaniwa ana la kuficha.

Kuna gharama pia zisizoonekana katika hati ya mshahara. Asiyestahimili muziki na makelele ya matatu hulazimika kulipia bodaboda au teksi, au kutembea. Dada anayemsindikiza kila asubuhi mpaka akaizoea njia naye hupoteza siku za kazi yake. Wengine hujikaza wafanane na wenzao ofisini, kisha Ijumaa wakifika nyumbani hawatoki chumbani hadi Jumatatu. Mwajiri huona mfanyakazi aliye salama salimini, na daktari wa tathmini huenda akamwona vivyo hivyo. Tathmini iliyozoea kuhesabu viungo vilivyokatika na macho yasiyoona haina kipimo chepesi cha uchovu wa namna hii.

Tuseme basi kijana wa miaka 27 kutoka familia inayopokea ruzuku amepata kibarua cha siku tatu kwa wiki. Kwa kutoka nyumbani peke yake na kurudi na ujira, amekwisha kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe: vipi mtu anayehitaji kuangaliwa wakati wote awe kazini? Mzazi mwenye busara atajiuliza mara mbili kabla ya kumruhusu. Sh2,000 ni kidogo mno, lakini kibarua chaweza kukatika kesho, na kurudi katika orodha iliyokwisha kufungwa si jambo la siku moja.

Kenya si ya kwanza kukumbana na fumbo hili. Marekani, ambayo ilianza mwaka wa 1974 kuwalipa wakongwe, vipofu na walemavu maskini kupitia mpango wa SSI, iliweka utaratibu wa kupunguza ruzuku hatua kwa hatua. Anayefanya kazi na asiye na kipato kingine huachiwa dola 85 za kwanza za mwezi bila kuguswa, na baada ya hapo kila dola mbili anazochuma humpunguzia ruzuku dola moja. Wazo ni zuri, kwa kuwa kazi daima humwachia mtu kitu mkononi. Ila viwango hivyo vya kusamehewa havijapandishwa tangu kuwekwa, na mpokeaji asiye na mwenzi haruhusiwi kuwa na akiba ya zaidi ya dola 2,000, kikomo kisichobadilika tangu 1989. Anayejitahidi kuweka akiba huadhibiwa kwa kuiweka.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Malipo yaitwayo PIP, yaliyoanzishwa mwaka wa 2013, hayaulizi mtu anachuma kiasi gani. Huuliza ulemavu wake unamtatiza kiasi gani katika kujipikia, kusafiri au kuzungumza na watu, na mwenye usonji aliyeajiriwa anaweza kuyapata juu ya mshahara wake. Utaratibu huo una gharama kubwa, na mwaka wa 2025 serikali ya huko ilijaribu kukaza masharti yake, ikalazimika kurudi nyuma baada ya wabunge wake yenyewe kuasi. Lakini swali linaloulizwa pale ndilo sahihi. Kuutazama ulemavu kama gharama ni tofauti na kuutazama kama kushindwa. Mtu akiambiwa athibitishe gharama, kazi haimharibii kesi yake.

Hapa nyumbani, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwatengea watu hao asilimia tano ya nafasi za kazi. Ni hatua ya maana. Hata hivyo, nafasi hizo zikijazwa na wale ambao ulemavu wao unajulikana kwa kutazamwa tu, au ambao hawahitaji mabadiliko yoyote kazini, asilimia itatimia na mwenye usonji atabaki nje ya lango. Isitoshe, sheria ya ajira haiwezi peke yake kuziba pengo lililo katika ruzuku na ushuru.

Wizara ya Fedha, bila shaka, itauliza pesa zitatoka wapi, na si swali la kudharauliwa katika nchi iliyolemewa na madeni. Lakini hatua ya kwanza haihitaji mabilioni. Mpokeaji ruzuku anayepata kazi angeweza kuhakikishiwa kwamba jina lake halitafutwa kwa mwaka mmoja, na kwamba kazi ikimshinda katika muda huo hataanza kupanga foleni upya kwa chifu.

Ugumu mwingine ni kwamba idadi ya watu hawa haijulikani. Sensa ya mwaka wa 2019 iliuliza kuhusu matatizo ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana, ikapata Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya waliohesabiwa wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Usonji haukuwa na mstari wake. Kwa desturi ya kila miaka kumi, sensa nyingine itafanywa mwaka wa 2029, na maswali yake yatahitaji kuandaliwa mapema.