Lipeni Ankara za Vijana

Ndugu zangu wa Nairobi na Mombasa,

Nawaandikia kutoka Berlin. Nimesoma tena habari za madeni ambayo serikali ya Kenya haijalipa, nikashindwa kunyamaza. Kamati iliyoundwa 2023 kuyahakiki ilipewa madai ya kuanzia 2005. M-Pesa ilikuja 2007! Yaani mtu anadai haki yake tangu enzi za kutuma pesa kwa dereva wa basi, na bado tunajisifu duniani kuwa mabingwa wa malipo ya simu.

Huku niko katika kampuni ndogo ya programu, watu hatufiki thelathini. Kazi ni ngumu. Anayeandika programu asubuhi ndiye anayepokea malalamiko ya wateja mchana, na mfumo ukianguka usiku wa zamu yako, unaamka hata kama una homa. Kila mwezi mkurugenzi hutuambia fedha zilizopo zitalipa mishahara ya miezi mingapi. Habahatishi, kwa sababu anajua kila ankara italipwa lini. Sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka ofisi za umma kwa kawaida zilipe ndani ya siku 30. Hapa Ujerumani kampuni inayomcheleweshea mwenzake malipo hutozwa riba ya pointi tisa za asilimia juu ya riba ya msingi, na euro 40 juu yake. Huhitaji kumjua mkubwa yeyote wala kulala mlangoni pa mhasibu. Kwa uhakika huo ndipo tunapothubutu kuajiri.

Huko nyumbani je? Kampuni iliyonifunza kazi hii, hapo Nairobi, ilijenga mfumo wa ofisi moja ya umma. Mfumo ukatumika, wananchi wakahudumiwa, pesa hazikuja. VAT ya asilimia 16 nayo haikungoja: ilidaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi uliofuata, kwa pesa ambazo hatujazitia machoni. Mishahara ikakwama. Mimi nikapata kazi huku, nikapanda ndege. Wenzangu wakabaki wakiifuata ile ankara kutoka dawati hadi dawati. Waliniombea heri, wala hakuna aliyeninunia. Afadhali wangeninunia.

Wadogo zangu, najua mnavyokesha, na sijaona huku watu wanaowazidi akili. Ndiyo maana nawakasirikia wazee wetu. Wazee, mnawaita vijana kwenye hakathoni, mnawapa hundi ya kadibodi na picha na waziri, kisha wakiwauzia kazi halisi mnawakalia miaka. Kijana hahitaji tuzo. Anahitaji malipo ya kazi ambayo mmekwisha kuitumia, ili amlipe mfanyakazi wake, na aajiri mwingine.

Muswada wa malipo kwa wakati umewahi kufika bungeni. Ndugu zangu, mbunge wenu akija kwenye harambee, kabla hajashika kipaza sauti, muulizeni umefikia wapi. Siku 30 ziandikwe, riba ianze yenyewe siku ya 31 pasipo mtu kwenda mahakamani, na jina la afisa aliyeikalia ankara liwekwe wazi. Hilo la jina nalitaka kuliko yote. Madeni yetu hayana mwenyewe, kila mtu husema faili liko kwa mwingine.

Na wewe uliye katika ofisi hiyo ya umma, ambaye labda tulisoma pamoja: faili likiwa mezani pako, lisaini leo.