Waacheni Heroe Wale Jamani!

Haya wadau, leo nina jambo. Zile picha za Momella zinazozunguka kwenye simu zenu tangu tutoke field, heroe wameruka wote kwa pamoja mpaka anga pinki, mimi sizipendi. Najua nitaitwa mnoko, poa tu.

Hawakuruka wenyewe. Watu walipiga miluzi na makofi, jamaa mmoja akaokota na jiwe, eti picha itoke "kali". Na nusu ya basi ikashangilia. Kha!

Sasa sikilizeni. Heroe mdogo, huyu mnayemwita flamingo, anakula mwani, vitu vidogo hata huvioni kwa macho. Anageuza kichwa juu chini, anachuja maji ya magadi kwa mdomo, masaa na masaa. Huo mwani ndo unampa hiyo pinki mnayoitaka. Ukimrusha unamkatisha kula, halafu unamtumisha nguvu alizokuwa anazitafuta. Momella kaja kula bwana, hajaja studio.

Kuzaa anaenda Ziwa Natron, kule kaskazini mpakani na Kenya. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanazaliwa pale, na kila jozi inataga yai moja tu. Mwaka 2006 lilipokuja wazo la kujenga kiwanda kikubwa cha magadi Natron, wapenda ndege wa hapa na wa nje walipiga kelele haswa, na kiwanda kile hakikujengwa. Ndege kapiganiwa hivyo, halafu sisi wasomi tunamtupia mawe?

Mshikaji mmoja akaniambia, "Si wanarudi bwana." Wanarudi, ndiyo. Na kesho linakuja basi lingine, keshokutwa lingine, kila moja na mpiga miluzi wake.

Sio kwamba sipendi picha. Napenda sana, na kamera yangu ni hii hii simu yenye kioo kilichopasuka. Ila nendeni Duluti muone. Daladala za Tengeru zipo kibao, unashuka unatembea kidogo, unalipa kiingilio, unakaa kimya chini ya mti. Basi. Mdiria ana tawi lake, akishazama kuvua anapenda kurudi pale pale, kwa hiyo wewe lenga tawi umsubiri. Mnandi ndo rahisi kabisa: akitoka majini anatandaza mabawa yakauke, anaganda kama kaanikwa kwenye kamba. Hata simu mbovu inampata. Jua liwe mgongoni kwako tu, na uwahi, mchana wengi wanajificha.

Jumamosi hii natoka hapa Levolosi saa 12 asubuhi. Anayekuja aje, nguo za kung'aa aziache hosteli. Na yule wa miluzi naye karibu, ila atakaa mbele yangu nimwone.