Muhali Hauzuii Maji Kuvuja

Msimu wa joto unakaribia, na kila baraza ninayokaa hapa Oman nasikia habari ile ile: fulani anachimba bwawa la kuogelea kwenye istiraha yake. Simzuii mtu. Wajukuu wanataka maji, na joto letu la Juni na Julai mnalijua, linapita digrii 40. Lakini nina neno, na neno lenyewe limenigharimu.

Mwaka jana tulijenga letu Barka, urefu mita 10, upana mita 5. Kazi nilimpa kijana wetu, mtoto wa mtu niliyesoma naye. "Ami, wewe kaa utulie, niachie mimi," akaniambia. Nikakaa, nikatulia. Mkataba hapana, palikuwa na karatasi moja yenye bei tu. Na bei yenyewe nilimkaba nayo, sikatai. Kisha nikamlipa zaidi ya nusu kabla shimo halijamalizika.

Zege ilimwagwa Julai, jua la mchana. Zege haipati nguvu kwa kukaushwa, inapata nguvu kwa kuwekwa unyevu, angalau siku 7, kwa magunia mabichi au kwa kumwagiwa maji mara kwa mara. Yetu iliachwa wazi kama samaki wa kuanika. Nilipouliza nikajibiwa, "Hii saruji nzuri, Ami, haina haja." Siku chache baadaye wakapiga lipu na kubandika vigae.

Tulipojaza maji yakaanza kushuka. Kijana akasema jua linayanywa. Hapo ualimu ukanirudia. Nilisoma sekondari ya misheni, na padri aliyetufundisha hisabati hakukupa alama kwa jibu tupu, alitaka uonyeshe njia. Basi nikatia maji kwenye ndoo, nikaiweka juu ya ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yakawa sawasawa, nikatia alama pande zote mbili na pampu nikaizima. Baada ya saa 24 ndoo imepungua sentimita 1, bwawa limepungua sentimita 3. Jua halichagui, linakunywa ndoo na bwawa sawasawa. Zile sentimita 2 zilizozidi zilikuwa zinapita pengine. Mita 10 mara 5 mara 0.02 ni mita 1 ya ujazo, yaani lita 1,000 kila siku zinazama ardhini.

Nikampigia kumpa hesabu. Simu ikaita mpaka ikanyamaza, siku hiyo na siku zilizofuata.

Kubwa zaidi lilikuja baadaye. Mkwe wangu, ambaye ni fundi wa umeme, alifungua kisanduku cha taa za ndani ya bwawa. Taa za namna hiyo zinatakiwa ziwe za volti 12, na transfoma yake ikae mbali na maji. Hizi zilikuwa za volti 240, zimeungwa moja kwa moja, na swichi ya kukata umeme unapovuja haikuwepo kabisa. Wajukuu zangu walikuwa wameshaogelea usiku mara mbili. Mpaka leo nikikumbuka, usingizi unanipaa.

Pamoja na hayo kaka yangu akaniambia: "Mwache. Baba yake mtu wetu. Utatuchafulia jina."

Ndugu zangu, hapa ndipo penye ugonjwa. Tunaoneana muhali. Tunaona muhali kuandika mkataba, tunaona muhali kudai risiti, tunaona muhali kuuliza mbele za watu kwa nini kazi mbovu. Na sisi ni umma tulioamrishwa kuandika madeni yetu na kuyawekea mashahidi, tena katika aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani. Kuandika si kumdhania mtu ubaya. Kunamlinda yeye na kukulinda wewe, na udugu mnabaki nao.

Na muhali huo unamuumiza mwingine. Nikinyamaza mimi, kesho kijana yule yule anafunga taa zile zile nyumbani kwako.

Sikunyamaza. Nilimwita mhandisi asiyehusika na upande wowote, akayapima mabomba kwa shinikizo, akakuta kiungo kimoja kinavuja. Kilifukiwa bila kupimwa. Akaandika ripoti. Nakala moja nikampa kijana, nyingine nikampelekea baba yake kwa mkono wangu, kwa heshima, bila ya kelele. Kijana akarudi, akachimbua, akatengeneza bomba. Taa tulibadilisha kwa fedha zetu. Vigae vilivyobanduka sijavipatia ufumbuzi. Na nikagundua kuwa mafundi waliokuwa wakijenga kwangu walikuwa hawajalipwa miezi miwili, ilhali fedha mimi nilishatoa. Hilo nalo ni dhambi tunayoshirikishwa kwa kutouliza.

Kwa hiyo nawaomba mnaotaka kujenga: andikeni vipimo, vifaa na tarehe. Lipeni kwa hatua, kila hatua baada ya kuikagua, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwenu mpaka bwawa likae na maji na lipimwe. Vigae visibandikwe kabla bwawa halijajazwa maji na kuonekana kuwa halivuji. Mabomba yapimwe kabla ya kufukiwa. Nondo na mabomba yapigeni picha kabla hayajafunikwa. Hakikisheni anayetia saini ndiye anayefanya kazi, asiwe mtu wa kuazima leseni. Na mlioko pwani ya Batina, ambako maji ya ardhini yako karibu, msilikaushe bwawa kwa pupa bila ya kumuuliza mhandisi. Bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na maji yaliyo chini yake.

Sheria pia ipo. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Oman ya mwaka 2013 inawabebesha mkandarasi na mhandisi dhamana ya miaka 10 kwa kuporomoka kwa jengo au kasoro inayotishia uimara wake. Haimaanishi kila kigae, lakini mwenye maandishi ana pa kuanzia. Mwenye "niachie mimi" hana kitu.

Juzi kaka yangu huyo huyo kanipigia. Anataka kujenga bwawa lake, Seeb. Ameniomba nimtumie mfano wa mkataba. Nimemtumia, na nimemwambia na ndoo aiweke tayari.