Mji wa Babu Uko Wapi?

Fungua Ezra 2:59-60. Wapo watu 652 waliotoka Babeli, miji walikotoka imetajwa, Tel-mela na Tel-harsha, lakini ukoo wa baba zao walishindwa kuuthibitisha. Wengi huiruka sura hiyo, mimi naipenda.

Wajukuu wengi wa Wayahudi waliohamia Marekani wana shida ya kinyume: ukoo wanaujua, mji hawaujui. Hati ya babu inasema alizaliwa Urusi, basi. Itabidi watafute katika orodha za abiria wa meli, maombi ya uraia, hata maandishi ya kaburini. Na mji ukipatikana, jina limebadilika: Lemberg ya Austria ikawa Lwów ya Poland, na leo ni Lviv ya Ukraine.

Utauliza, kuna faida gani? Wengi wa waliobaki kule waliuawa na Wanazi, wala hawana makaburi. Yad Vashem ya Yerusalemu, iliyopata jina lake katika Isaya 56:5, hukusanya majina yao, mmoja mmoja, na mahali walipozaliwa. Mjukuu aliyeupata mji huweza kumtambua humo dada wa babu yake, ambaye nyumbani hakutajwa kamwe.