Ramani ya Dunia Ibadilishwe

Katika ramani ya dunia iliyotundikwa kwenye kuta za ofisi na shule zetu nyingi, Greenland huonekana kulingana na Afrika nzima. Kumbe Afrika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 30, na Greenland haifiki hata milioni 2 na robo!

Ramani hiyo ilibuniwa na Mercator mwaka 1569 kwa faida ya mabaharia. Nahodha akipiga mstari mnyoofu juu yake, aweza kuufuata kwa dira moja kwa moja. Kwa kazi hiyo hatuna ugomvi nayo. Lakini kadiri nchi ilivyo mbali na ikweta ndivyo inavyovimbishwa. Penye latitudo ya digrii 60 eneo huonekana mara 4 ya lilivyo. Sisi tulio karibu na ikweta hatukuongezewa hata shubiri moja, na mtoto wetu hukua akidhani kwamba bara lake ni dogo.

Mwezi wa Agosti, 2025, Umoja wa Afrika uliunga mkono wito wa kuiacha ramani hiyo na kutumia ile ya Equal Earth, iliyobuniwa mwaka 2018, ambayo huipa kila nchi eneo lake halisi. Nasi twauunga mkono. Lakini azimio peke yake halichori ramani.

Zamani kazi hii ilihitaji wachoraji mabingwa na fedha nyingi. Leo kijana mwenye kompyuta ya kawaida hupata bure mipaka ya nchi zote kutoka Natural Earth, na bure vilevile GeoPandas, yaani maktaba ya amri zilizokwisha kuandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Huisoma mipaka ile, huandika amri ya to_crs akitaja namba 8857 ya orodha ya EPSG, na Afrika hurudia ukubwa wake. Amri nyingine huichora.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu wa ng'ambo. Hatukubali. Wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam, katika kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, walichora mitaa na mifereji ya kata zinazofurika maji. Hao watashindwaje na amri mbili?

Kwa hiyo twaitaka Wizara ya Elimu iwape vijana wetu kazi hii, na majina ya nchi yaandikwe kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuna mgeni atakayetufanyia. Matawi ya chama na ya vyama vya wafanyakazi yasingoje Wizara. Yaanze na kuta zao.